Kete Zinazofuata Saa

Jumapili, 14 Januari

Makubwa! Mama anataka kupanda ndege.

Leo tulikuwa na mkutano wa chama, sisi wazao wa Wakorea waliokuja Meksiko zamani, wa hapa Mérida. Kusema kweli huwa tunakwenda kula. Hotuba zinapita juu ya vichwa, tunangoja sahani. Leo mwenyekiti kasimama na tangazo — tarehe kumi Februari, Mwaka Mpya wa Kikorea, kutakuwa na mashindano ya yuti, ule mchezo wetu wa vijiti na kete, wawili wawili. Na mji mmoja wa Korea umewaalika washindi waende huko. Ndege juu yao, kulala juu yao, kula juu yao!

Mama akaacha kutafuna. Mama yangu! Yule haachi kutafuna hata mazishini.

Njiani, tulipofika kona ya duka la dawa, akasimama. Hapo akasema, mimi na wewe, Nidia. Nikamwambia Mama, una miaka sabini na moja, hata ngazi ya kupandia paa inakutia kizunguzungu. Akasema ngazi haina mtu wa kukuletea juisi.

Nikamuuliza anataka kuona nini huko. Nilidhani atataja bandari alikopandia meli babu yake, nijiandae kulia. Wapi! Anataka benchi. Akae kwenye benchi asubuhi mpaka jioni, watu wapite, wote wana macho yake. "Maisha yangu yote mwenye macho haya kwenye picha ni mimi peke yangu," akasema. "Nataka siku moja niwe mtu wa kawaida tu."

Nimecheka njia nzima. Sasa nimekaa peke yangu, sicheki tena. Nitampeleka. Liwalo na liwe, nitampeleka!

Jumatano, 17 Januari

Saluni imejaa. Karnivali inakaribia, kila mtu anataka kichwa kipya. Yareli wa jirani kaja na picha ya mwimbaji wa Seoul kwenye simu, anataka nywele kama zile. Huyu binti ananiheshimu kuliko mamake mzazi tangu agundue nina damu ya Kikorea. Eti dada Nidia, sema kitu kwa Kikorea! Najua maneno matatu. Mawili ni ya chakula, la tatu ni tusi la babu yake Mama. Nikamwambia nimechoka leo.

Ajabu yake. Mimi shuleni niliitwa Mchina mpaka nikaota meno ya ukubwani. Leo Yareli, mtoto wa kina Chablé, ananilipa nimfanye afanane nami!

Akauliza yuti ni nini. Nikamweleza huku namkata. Vijiti vinne, tumbo bapa, mgongo wa mviringo. Unarusha. Tumbo moja likitazama juu, ni Nguruwe, hatua moja. Mawili, Mbwa. Matatu, Bata Mzinga. Yote manne, Ng'ombe. Migongo mitupu, Farasi, hatua tano! Ng'ombe au Farasi, unarusha tena. Kete nne zinazunguka ubao, wa kwanza kuzirudisha zote nyumbani kashinda. Kete zako zikikutana zinabebana, zinakwenda rundo moja. Ukiikuta kete ya adui unaikalia, yeye anaanza upya, wewe unarusha tena.

Akasema ala, kumbe ni kama ludo. Karibu nimkate sikio.

Jumamosi, 20 Januari

Nina hasira! Sijui nianzie wapi.

Mwalimu Noh ndiye mwamuzi. Anafundisha Kikorea pale ukumbini, msichana mpole wa watu, akikusalimu anainama mpaka unahofia miwani itaanguka. Leo katukusanya atuonyeshe sheria. Kwanza tukajifunza kwamba Bata Mzinga, kwao, ni Kondoo. Sawa. Kondoo hapa wako wapi? Tukacheka wote.

Kisha akasogeza kete.

Mama akasema, kwa sauti ya kumwonea huruma, "Mwalimu, mwanangu, umekosea njia."

Mwalimu Noh akaona haya badala ya Mama. Akasema samahani sana, Doña Fidelia, huko kwetu kete huzunguka hivi. Kinyume cha mishale ya saa. Mama akasema haiwezekani. Sisi kete zetu zinafuata saa. Mimi hivyo, binti yangu hivyo, babu yangu aliyetoka huko huko kwa miguu yake hivyo!

Basi Don Evaristo Corona akapata sikukuu yake. Huyu mzee alikwenda Seoul mara moja kwa utalii, na tangu arudi hata chafya anapiga kwa Kikorea. Kasimama chini ya picha ya marehemu baba yake — pale ukutani wametundikwa wazao waliofanikiwa, daktari wa meno, bondia, mtawa, na huyo baba yake mwalimu mkuu. Sisi kina Kin, ukoo wa Mama, hatuna hata msumari. Akasema, "Jamani, miaka mia na ushei kina Kin wanarudi nyuma! Ndiyo maana hawajafika!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi midomo ilinicheza, laana hiyo.

Sheria ni hii. Kete ikienda upande usio wake, inarudi mwanzo. Na mwenye haki ya kulalamika ni yule aliyeumizwa tu, watazamaji wafunge midomo. Don Evaristo akaiunga mkono kwa mikono miwili. Sheria ni sheria, akasema, tusicheze kienyeji.

Mama hajala jioni. Sikumbuki lini Mama alikosa kula.

Jumapili, 21 Januari

Kapata nafuu. Kala kifungua kinywa cha watu wawili na kanisimulia.

Kumbe anajua! Miaka yote anajua, hajawahi kusema. Babu yake alikata mkonge kwenye shamba la San Eligio, na jioni akachora ubao wa yuti kwa mkaa sakafuni. Mwanzo alicheza na Wakorea wenzake. Kisha akaoa bibi yetu, Eulalia Uc, Mmaya, mwenyeji wa pale pale, na mke naye akataka kucheza. Akamfundisha njia ya Korea. Bibi akasema hapana. Hivyo sivyo vitu vinavyozunguka, mimi nitakwenda hivi. Mzee akabisha siku nyingi. Bibi akawa anakwenda kwa njia yake na anashinda, anakwenda kwa njia yake na anashinda, mpaka mzee akachoka kukutana naye uso kwa uso kila baada ya hatua mbili, akageuza kete zake.

"Alivuka bahari nzima," Mama akasema, "lakini bibi alimshinda."

Mbona hukumwambia Mwalimu jana, nikauliza. Akasema angemwambiaje mbele ya Evaristo? Kwamba yuti yetu ni ya Kimaya? Si ndiyo angecheka mpaka meno yamtoke.

Sijui kwa nini, nimefurahi. Nimefurahi kupita kiasi. Bibi Eulalia! Mtu anaibeba Korea nzima kichwani, yeye anaigeuza kwa mkono mmoja kama mkate wa tortila.

Alhamisi, 25 Januari

Mazoezi. Balaa tupu.

Mama anarusha kama malaika. Farasi, Ng'ombe, Farasi! Halafu anasogeza, na mkono unakwenda nyumbani kwa bibi yake. Nikasema Mama, kinyume. Akasema najua. Akasogeza vilevile. Nikamwambia ajifanye anakoroga uji kwa mkono wa kushoto. Akasema nani anakoroga uji kwa mkono wa kushoto, mchawi?

Mazoea yana tabu. Mimi mwenyewe nimekosea, na yeye akanishika papo hapo, akashangilia kama kashinda bahati nasibu. Mama, sisi ni timu moja! Hasikii.

Ijumaa, 2 Februari

Candelaria, sikukuu ya mishumaa. Tamali za unga wa mahindi. Mama kamwalika Mwalimu Noh, eti amsome adui. Adui kaja na boksi la matunda, kavua viatu mlangoni, kainama. Mama na yeye akainama. Kisha wote wawili hawakujua nani ainuke kwanza.

Tamali zimeliwa. Halafu Mama akatoa bakuli lake la kabichi, ile ya babu yake — kabichi ya hapa, pilipili ya hapa, chungwa chungu badala ya vile vitu visivyopatikana. Tunaiita kimchi, ile kabichi kali ya Wakorea. Mwalimu Noh akaonja. Machozi yakamlenga, sijui ya pilipili, sijui ya kukumbuka kwao. Akasema, taratibu, Doña Fidelia, hii siyo kimchi. Mama akakunja uso. Ni nini basi? Mwalimu akasema sijui, naomba niongezwe.

Basi urafiki ukaanza.

Akauliza, kwa adabu zake zote, sisi hujiona Wakorea au Wameksiko. Mama akamwambia mwaka ule wa Kombe la Dunia, Korea ilipoifunga Ujerumani na Meksiko ikapona kwa sababu hiyo, majirani walikuja wakambeba Mama juu juu mtaa mzima, wanaimba, wanammwagia bia. Kama kafunga yeye! "Siku ile," akasema, "nilikuwa yote mawili, na bado walinirudisha nyumbani kabla ya chakula."

Mwalimu Noh kacheka mpaka kashika ubavu. Nimempenda. Hili ni tatizo, maana ndiye mwamuzi.

Jumanne, 6 Februari

Kaweza! Mama kaweza!

Mchezo mzima kinyume cha saa, bila kukosea hata mara moja. Ananuna kila hatua kama anakunywa dawa, lakini kaweza. Nikamkumbatia, akasema niache, utanivuruga nisahau.

Baadaye nikamwona jikoni anacheza mwenyewe, punje za mahindi juu ya meza. Zinafuata saa. Aliponiona akazifunika kwa kitambaa.

Ijumaa, 9 Februari

Vichwa vya karnivali tangu alfajiri. Manyoya, vipande vya kung'aa, rangi ya zambarau. Mikono imekufa ganzi. Cha mwisho kichwa cha Mama. Nikamuuliza unatakaje. Akasema nataka ya kupandia ndege.

Amekwisha kuwaaga majirani! Doña Cleofas wa duka la mkate kamwagiza mafuta ya uso. Nikamwambia Mama, hatujashinda bado. Akasema ndiyo maana naaga sasa, nikishinda sitakuwa na nafasi.

Ee Mungu, asirudi kesho na uso ule wa siku ile aliyokosa kula.

Jumamosi, 10 Februari, asubuhi

Mama kaamka kabla ya jogoo. Kavaa gauni la Kiyukateki, vazi la huku kwetu lenye maua, na juu yake kikoti cha Kikorea cha kuazima chamani. Maua chini, hariri juu. Nikasema Mama, havipatani. Akasema ukinitazama mimi napatana?

Anapendeza mno. Nimempiga picha tano.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana — ukumbini

Naandika kwenye kiti cha nyuma karibu na masufuria. Watu wanakula. Nina muda mpaka mwenyekiti aite.

Tumeingia fainali! Kina mama wa Campeche tumewafagia. Wale ndugu wawili wa Motul walitutoa jasho, Mama akawamaliza kwa Farasi wawili mfululizo, akawauliza kama mama yao anajua wako nje. Fainali — na nani? Na nani tena! Don Evaristo na dadake, Doña Amparo.

Tangu mwanzo ananichokoza. Eti binti Pech, kwa jina la baba yangu, saluni umemwachia nani? Eti Fidelia, mishale ya saa leo haijambo? Mama anakoroga uji wake kwa mkono wa kushoto, hatua kwa hatua, sawasawa kabisa. Nimejivunia yeye kweli kweli.

Tulifika mahali pa mwisho hivi. Kwa kila upande kete moja ilikwisha kuingia nyumbani. Don Evaristo kabebesha zake tatu zilizobaki, rundo moja, karibu na mwisho. Nyuma yake tuko sisi, kete moja hatua mbili nyuma, na nyingine, imebeba mwenzake, hatua tatu. Zamu yake. Na hapo hapo ngoma za karnivali zikapita barabarani! Kikundi kizima, tarumbeta, wasichana wa manyoya. Mwalimu Noh hajawahi kuona. Akasema samahani kidogo, akakimbilia dirishani, wote waliokuwa karibu na dirisha nao wakageuka.

Don Evaristo akarusha. Bata Mzinga. Hatua tatu.

Akasogeza rundo lake. Akafuata saa.

Moja, mbili, tatu — akaikalia ile kete yetu yenye mwenzake. Pa! Mikono ilikwenda yenyewe, haraka, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Akapiga kelele ya ushindi, akanyakua vijiti arushe tena. Mimi nilishika kichwa, jamani tumekaliwa, safari imekwisha! Naapa sikuona kosa. Ukumbi haukuona kosa. Watu wakapiga makofi! Wazee wa Campeche, wale wa Motul, wa Progreso, wote wakaona mzee kacheza vizuri.

Mama ndiye aliyeanza kucheka.

Alicheka kimya kwanza, mabega tu. Kisha akashika meza. "Evaristo," akasema, "nani kakufundisha hivyo?"

Mzee akatazama ubao. Nikaona anaona. Akageuka rangi, vijiti vikamponyoka, vikabingirika nje ya mkeka — kurusha kumeharibika, hakuhesabiki, zamu imempita. Doña Amparo akafumba macho. Don Evaristo akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Bibi. Bibi Mmaya. Kule San Eligio."

San Eligio! Shamba moja na letu! Na mzee mmoja wa Campeche nyuma yetu akasema taratibu, hata sisi, lakini tuliona haya. Na mwingine, hata sisi. Na mwingine. Kumbe ukumbi mzima! Wote wiki tatu wamejifungia majumbani wanakoroga uji kwa mkono wa kushoto, kila nyumba ikidhani ni yake tu iliyopotoka.

Basi ndipo Mwalimu Noh akarudi kutoka dirishani, mashavu mekundu, furaha tupu. Akatazama ubao. Akatazama tena. "Samahani," akasema, "kumetokea nini hapa?"

Watu mia wanatazama dari. Hata mtawa wa picha ya ukutani anatazama dari.

Akaelewa, si mjinga. Akasema kwa sheria mwenye haki ya kulalamika ni aliyeumizwa. Bi Nidia, kete ni zenu. Na mwenyekiti, mwoga kama kawaida, akadaka maikrofoni — chakula kwanza, jibu baada ya chakula!

Ndio hivyo. Nikilalamika, rundo la Don Evaristo linarudi mwanzo, kete zangu zinarudi mahali pake, na tumeshinda, hata Yareli angemalizia. Mama anapata benchi lake. Nikinyamaza, tumebaki na kete moja ubaoni dhidi ya yule mzee.

Nimemfuata Mama nimuulize. Amekaa na nani? Na Don Evaristo! Wanakula sahani moja, wanachora ubao kwa mchuzi juu ya kitambaa cha meza, na Mwalimu Noh kati yao anasogeza maharage kama walivyomwambia, anafuata saa, ulimi nje kwa juhudi. Nikamvuta Mama pembeni. Akasema, "Ukinyamaza kwa kumwonea huruma yule mzee, nakuzaba kofi. Ukilalamika kwa kunionea huruma mimi, nakuzaba mawili."

Asante, Mama. Umenisaidia sana.

Nimerudi kwenye kiti changu. Nautazama ubao kutoka hapa. Hakuna aliyeugusa. Rundo la Don Evaristo liko pale lilipokaa, na kete yetu iliyosalia, ile ya hatua mbili aliyoiruka, iko pale pale, jirani yake. Kwa hesabu ya Mwalimu, iko mbele yake hatua moja.

Ngoja.

Kwa hesabu ya nyumbani, iko nyuma yake hatua moja!

Nimehesabu tena kwa kidole hewani, yule mama wa masufuria kanitazama kama nimerukwa na akili. Hatua moja. Kama mzee kacheza sawa — na ukumbi mzima umempigia makofi, jamani, mia wameshuhudia! — basi sawa ni kufuata saa, na ni sawa kwa wote. Na zamu ni yetu. Sihitaji Farasi. Sihitaji Ng'ombe. Nahitaji Nguruwe mmoja tu, mnyonge kuliko wote, nimkalie na rundo lake lote, na nirushe tena!

Maikrofoni inakohoa. "Bi Nidia Pech Kin, mezani tafadhali." Watu wanaacha sahani, wanasogeza viti. Don Evaristo kasimama wima kama anangoja kusomewa hukumu, maskini, kofia mkononi. Mwalimu Noh kakaza miwani, ataniuliza kwa upole wake kama ninalalamika. Nitamwambia silalamiki hata kidogo, Don Evaristo kacheza vizuri kama alivyofunzwa na bibi yake, na sasa naomba vijiti.

Mama ameniona usoni. Anatazama ubao, ananitazama mimi, anatazama ubao. Sasa ameona na yeye, maana ameshika meza kwa mikono miwili na mabega yameanza kucheka.